Mkia wa Faili

Inspekta aligonga mlango kwa ngumi. Alikuwa ameamka na hasira, na kila alichokutana nacho asubuhi hiyo kilizidi kuichochea.

Kwapani alikuwa na jalada. Kwenye ukurasa wa mwisho mkuu wake wa kituo alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: Picha za kamera hazifunguki. Tuendelee bila picha. Maneno saba tu, na kwa maneno hayo saba mlinzi wa ghala la dawa la hospitali, mtu aliyekwisha kulala sakafuni siku tisa, angesomewa mashitaka saa tisa alasiri ya siku hiyohiyo kwa kuiba makasha sita ya dawa ya kisukari.

"Kuna aliyetazama kwa nini hazifunguki?" Inspekta alikuwa amemwuliza mkuu wake.

"Sisi ni polisi, si mafundi wa kompyuta," mkuu alijibu huku akitafuta miwani yake.

Kamera ya getini ilikuwa imerekodi siku nzima ya wizi. Mashine ya ghala hujifuta kila baada ya wiki moja, kwa hiyo pale hapakuwa na kitu tena. Nakala iliyobaki ilikuwa kwenye seva ya kampuni ya kamera, katika mji mwingine, mwendo wa kutwa kwa gari. Kampuni ilikuwa imempa dada wa mlinzi linki ya kuipakua. Familia ikapakua mara tatu, ikapeleka kituoni flashi tatu, na zote tatu zikagoma. Linki ingekufa saa sita kamili mchana. Intaneti ya kituo ilikuwa imekufa tangu mwezi uliopita, na hakuna aliyeonekana kuililia.

Sasa ilikuwa saa nne kasoro robo. Mlango ulifunguliwa na mwanamke mwenye kitana kichwani na mafuta mikononi. Huyu ndiye dada wa mlinzi, msusi, na barazani nyuma ya Inspekta mteja wake alikuwa ameketi na kichwa kilichosukwa nusu.

"Umekuja kunipa pole," alisema Msusi, "au umekuja kunipa mdogo wangu?"

"Nimekuja kuiona kompyuta yenu."

"Siku ya tisa ndiyo mnakuja kuiona kompyuta!"

"Jalada nimekabidhiwa jana jioni, dada. Nigombeze baadaye. Tuna saa mbili na robo."

Msusi alimpisha. Sebule ilikuwa ndogo na safi. Mama mtu mzima alikuwa kwenye kiti, mguu mmoja ameuegemeza juu ya kigoda.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwanangu mwenzio anakula huko?"

"Anakula," alisema Inspekta, na kwa kuwa hakupenda kusema uongo aliongeza, "kidogo."

Msusi alifungua friji iliyokuwa palepale sebuleni, akatoa maji. Mlangoni mwa friji palikuwa na nyanya, chupa ya maziwa, na pakiti ndogo nyeupe yenye mstari wa buluu.

"Dawa ya nani?"

"Ya Mama. Ana sukari, kila asubuhi anajidunga."

"Hospitalini wanatuambia hakuna," Mama alisema. "Wiki ya pili sasa. Wanatupa karatasi, nendeni mkanunue. Aliyeiba yale makasha Mungu anamwona."

Inspekta alikunywa maji yote kwa pumzi moja, akaenda kwenye kona ya kompyuta.

Kompyuta ilikuwa ya mezani, imefunikwa kitambaa kilichodariziwa. Ukutani juu yake palibandikwa karatasi yenye herufi kubwa zilizopigwa mstari kwa rula: KANUNI. MOJA, HAKUNA KUHIFADHI KITU NDANI YA KOMPYUTA. MBILI, KILA MTU NA FLASHI YAKE. TATU, UKIMALIZA, FUNIKA. Pembeni palikuwa na misumari minne, na kwenye kila msumari flashi ilining'inia kwa uzi wa sufi: mwekundu, kijani, manjano na mweupe.

"Nani kaandika haya?"

"Mimi," ilijibu sauti kutoka mlangoni.

Huyo alikuwa mume wa Msusi, mwalimu wa hesabu wa shule ya jirani. Alikuwa ameitwa kutoka darasani, na chaki ilikuwa bado kwenye mkono wa shati. Alisimama kama mtu ambaye mwanafunzi amekalia kiti chake.

"Mweupe ni wa Mama, wa nyimbo zake," alieleza bila kuulizwa. "Kompyuta ikijazwa inakuwa nzito. Nyumba bila utaratibu si nyumba."

"Nani alipakua picha za getini?"

"Mimi."

"Mara zote tatu?"

"Mara zote tatu. Hiki chombo hapa nakigusa mimi."

"Mlango ukiwa umefungwa."

Mwalimu alimtazama mkewe. Msusi aliangalia dari.

"Kelele za saluni zinanisumbua," Mwalimu alisema. "Kufunga mlango ni kosa?"

Inspekta alitoa daftari lake. Usiku uliopita alikuwa amezungumza na watu wanne, na watatu kati yao walikuwa na la kusema kuhusu Mwalimu.

"Wiki mbili zilizopita, kwa kinyozi, ulisema shemeji yako akikaa ndani kidogo atapata akili."

"Nilisema kwa hasira! Alinikopa baiskeli akairudisha bila tairi la mbele. Wewe ungesema nini?"

"Na kila Jumamosi unamfundisha hesabu binti wa mkuu wa ghala."

Kitana kilitoka kichwani mwa Msusi. "Binti wa nani?"

"Nilikuwa nataka kukuambia..."

"Binti wa yule aliyemshitaki mdogo wangu? Unakwenda kwake Jumamosi, unakunywa chai yake, halafu unarudi unalala kwangu?"

"Mtoto ana kosa gani? Hajui hata kugawanya!"

"Kaeni kimya nyote wawili," alisema Inspekta. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na katika miaka kumi na minne ya kazi hii alikuwa amewafunga watu wengi walionaswa kwa methali hiyo. Alitoa flashi tatu kwenye bahasha ya vielelezo, akazipanga mezani. "Washa."

Kompyuta ilichukua muda kuamka. Inspekta alichomeka flashi ya kwanza, akabonyeza faili kwa kitufe cha kulia, akafungua ukurasa wa maelezo yake. Aliandika ukubwa wake daftarini, tarakimu kwa tarakimu. Akafanya hivyo kwa ya pili, kisha ya tatu. Halafu akatulia, kalamu hewani.

Zilikuwa namba tatu zinazofanana. 4,294,967,295. Hakuna hata baiti moja iliyopungua au kuzidi.

"Ni mtandao," alisema Msusi. "Mtandao wa huku ni wa kuombaomba. Hata simu ya—"

"Si mtandao. Mtandao ukikatika, unakatika popote. Leo katikati, kesho mwanzoni, keshokutwa karibu na mwisho. Hili limekatika mara tatu, siku tatu mbalimbali, mahali palepale. Na kampuni inasema faili zima ni hili." Alionyesha namba nyingine kwenye barua iliyokuwa ndani ya jalada: 6,214,883,072. "Karibu theluthi haipo. Mvua hainyeshi mara tatu kwenye ndoo ileile, dada. Hapa kuna mkono wa mtu."

Barazani mteja aliita, "Msusi, naenda au nakaa?"

"Jambo la pili," Inspekta aliendelea, akimgeukia Mwalimu. "Faili ambalo halijakamilika huja na mkia kwenye jina, herufi za kukuonya kwamba bado. Haya yana majina safi, kama video iliyokamilika. Mkia umekwenda wapi?"

"Niliukata."

"Unasemaje?"

"Niliufuta. Jina lilikuwa limekaa vibaya, lina herufi za ajabuajabu. Nikaandika vizuri, ili lifanane na video. Nilidhani ndiyo sababu halifunguki."

"Na kompyuta haikukuambia kitu?"

"Iliandika diski imejaa. Sasa flashi ya gigabaiti thelathini na mbili, mpya, haina hata picha ya paka, imejaa na nini? Nikajua inababaika. Nikabonyeza sawa."

"Mara tatu."

"Mara tatu," alikiri Mwalimu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka.

Damu ilimchemka Inspekta hadi masikioni. Kituoni walikuwa wameyaona majina yale safi wakasema faili ni bovu, basi. Kama mkia ungekuwepo, hata mkuu na miwani yake angejua kwamba halijaisha na kwamba linaweza kupakuliwa upya. Mtu mmoja alikuwa amefuta herufi chache, na mtu mwingine alikuwa anakojoa kwenye ndoo siku ya tisa.

"Simama," alisema. "Kuharibu ushahidi ni kosa la jinai. Ukinieleza mkuu wa ghala alikuahidi nini, nitaandika kwamba ulisaidia."

"Hajaniahidi kitu! Mimi ni mwalimu!"

"Walimu nimewafunga wawili. Simama."

Mwalimu alisimama. Lakini macho yake hayakuwa kwenye pingu. Yalikuwa kwenye daftari.

"Subiri," alisema. "Hiyo namba ndiyo ukubwa wenyewe?"

"Usinipotezee muda."

"Inspekta, nakuomba. Dakika moja, halafu nifunge." Alitoa kipande cha chaki mfukoni, akaanza kuandika juu ya meza, mezani kwake mwenyewe, ambapo hakuna mtu aliyeruhusiwa hata kuweka kikombe. Mbili. Nne. Nane. Kumi na sita. Aliendelea kuzidisha kwa mbili, midomo ikicheza, mpaka meza ikajaa. Aliporudi nyuma, tarakimu za mwisho zilikuwa 4,294,967,296.

"Mbili kwa kipeo cha thelathini na mbili," alisema. "Toa moja. Hii namba yako ndiyo hiyo. Mtu akikata kitu kwa mkono, anakata ovyo. Atakata kwenye bilioni nne na kitu, popote. Hawezi kuangukia hapa hata kwa bahati, sembuse mara tatu. Hiki ni kikomo. Kuna kitu hapa hakijui kuhesabu kupita hapo."

Inspekta aliitazama meza, kisha flashi tatu. Zote tatu zilikuwa za aina moja, zimenunuliwa duka moja, kwa amri ya nyumba yenye utaratibu. Alirudisha pingu kiunoni, akampigia simu fundi wa kampuni ya kamera, akaweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Flashi inaweza kukataa faili kubwa ikiwa haijajaa?"

"Nyingi tu," alijibu fundi, na huko alikokuwa kulikuwa na mtu anapiga nyundo. "Zimepangwa kwa mtindo wa zamani. Hazibebi faili moja linalozidi gigabaiti nne. Mafaili madogo elfu moja, sawa. Moja kubwa, hapana. Likifika nne, linakatwa, na kompyuta inaandika diski imejaa. Kila siku nawaambia wateja, hifadhini kwanza ndani ya kompyuta yenyewe. Hakuna anayesikia."

Wote wanne waligeuka kuitazama ile karatasi ukutani. Kanuni namba moja.

"Niongezee muda wa linki mpaka jioni," alisema Inspekta.

"Siwezi. Mashine inafuta yenyewe saa sita. Mwenye ruhusa ni bosi, na bosi yuko kwenye ndege."

Msusi alikuwa ameshaifikia karatasi. Aliibandua kwa mkupuo mmoja, rangi ya ukuta ikatoka nayo.

"Siku tisa," alimwambia mumewe. "Siku tisa mdogo wangu analala chini kwa sababu ya kanuni yako!"

"Nilikuwa nailinda kompyuta..."

"Inalindwa na nini? Ina nini cha maana?"

Hilo lilikuwa swali zuri, na Inspekta alikuwa ameshaanza kulijibu. Alifungua diski ya ndani ili aweke faili huko. Nafasi iliyobaki ilikuwa gigabaiti moja na ushee. Mashine ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuhifadhi kitu ndani yake ilikuwa imejaa pomoni. Alitafuta kabati la mafaili lililokula nafasi yote akalikuta, limeandikwa MITIHANI YA ZAMANI.

"Hayo ni ya shule," Mwalimu alisema haraka. "Usiguse. Ni siri ya ofisi."

Inspekta aligusa. Yalikuwa mafaili mia nne na kumi na mawili, na yote yalikuwa video za mieleka.

Mama ndiye aliyecheka, kicheko kifupi cha pumzi. Msusi hakucheka. Alivua kandambili, akaishika mkononi, akaiangalia, akaivaa tena.

"Futa," alisema. "Mbele yangu. Kwa mkono wako."

Mwalimu aliketi, akachagua yote, akafuta. Inspekta alitazama nafasi: gigabaiti moja na ushee, vilevile.

"Bado yako kwenye pipa la taka la kompyuta," alisema. "Mwaga pipa."

"Nilitaka labda yale ya fainali..."

"Mwaga pipa!" walisema kwa pamoja wanawake wote watatu, Msusi, Mama na Inspekta mwenyewe.

Pipa likamwagwa. Nafasi ikawa kubwa. Saa nne na dakika arobaini na nane Inspekta aliibonyeza linki mwenyewe, akachagua diski ya ndani, akaangalia mara mbili jina la mahali, na mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Kompyuta ilikadiria dakika sitini na nane.

"Zimeni intaneti kwenye simu zenu zote. Asichomeke mtu pasi. Asifungue mtu kitu kingine kwenye mashine hii. Likikatika hapa, hatuna mara ya pili."

Alisimama nyuma ya kiti cha Mwalimu kama msimamizi wa mtihani. Msusi alitoka akaambiwa na mteja wake maneno makali, akarudi na maneno hayo usoni. Mstari ulifika robo. Ulisimama kwa dakika mbili, na katika dakika hizo mbili Mwalimu alianza kusali kwa sauti. Ukaendelea.

Inspekta alipekua daftari lake kuua muda. Asubuhi ile kabla ya kuja alikuwa amepitia mahabusu. Alimwambia mlinzi: leo natafuta picha za getini, zitakutoa. Alikuwa ameandika chini yake: Hakufurahi. Na chini ya hapo: Kwa nini?

"Dada, mdogo wako alijua kwamba ulikuwa unazifuatilia hizi picha?"

"Nilimwambia siku ya pili. Akaniambia niache. Dada, achana nazo, usihangaike, Mungu atanitetea. Nikamwambia Mungu ndiye kaweka kamera."

"Mkuu wa ghala aliwahi kumtisha?"

"Akitishwa hasemi. Tangu mtoto yuko hivyo."

Inspekta aliandika: Ametishwa. Aliipigia mstari. Katika maelezo yake kituoni mkuu wa ghala alikuwa ameapa kwamba siku ya wizi alishinda kikaoni, hakukanyaga ghalani. Mlinzi alikuwa amesema jambo moja tu: saa kumi jioni aliagizwa na mkuu huyohuyo kwenda kununua vocha dukani, akarudi. Mmoja wao alikuwa mwongo, na njia ya mwongo ilikuwa imebakiza robo ya mstari wa kijani.

Saa tano na dakika hamsini na sita mstari ulijaa. Inspekta alifungua maelezo ya faili: 6,214,883,072.

"Usifungue kwanza," alisema Mwalimu. "Ile mistari ya chini ya barua, kampuni ilisema ni nini?"

Chini ya barua ya kampuni palikuwa na mlolongo wa herufi na tarakimu sitini na nne ambao mkuu wa kituo alikuwa ameweka kikombe juu yake. Ilikuwa alama ya faili, sawa na alama ya kidole cha mtu: faili likipungua hata baiti moja, alama inabadilika. Mwalimu aliiagiza kompyuta ikokotoe alama ya faili walilopakua. Msusi alisoma ya kwenye barua, mbilimbili, kwa macho yaliyozoea kuhesabu nywele. Inspekta alifuatisha kwenye skrini kwa ncha ya kalamu. Zilifanana hadi ya mwisho.

"Hili sasa ni zima," alisema Inspekta. "Fungua."

Video ilifunguka bila ubishi. Geti, barabara ya vumbi, kibanda cha mlinzi, saa kwenye kona. Mwalimu aliisogeza mbele. Saa kumi na dakika tisa jioni, gari jeupe lenye bodi ya mizigo lilisimama getini. Mkuu wa ghala, aliyekuwa kikaoni kutwa nzima, alishuka upande wa dereva. Alimwita mlinzi, akampa kitu mkononi, akamwonyesha barabara. Mlinzi akaondoka. Mkuu akafungua geti mwenyewe, akaingiza gari. Dakika kumi na sita baadaye gari lilitoka na makasha nyuma. Msusi aliyahesabu kwa kidole kwenye kioo: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Kwenye tuta la getini gari liliruka, kasha la juu likapasuka pembeni, na kitu kidogo kikaanguka vumbini. Mkuu hakukiona.

"Mbwa!" alisema Msusi. "Mbwa, mbwa, mbwa!" Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anampiga mumewe begani, wala si kwa hasira tena.

Inspekta alikuwa ameshaandika namba za gari. Alikuwa ameshaona, akilini, mkuu wake wa kituo akitafuta miwani. Hasira ya asubuhi yote ilikuwa imepata mahali pa kwenda.

"Zima," alisema Msusi. "Inatosha."

"Acha iende," alisema Inspekta. Hakujua kwa nini alisema hivyo. Ilikuwa mazoea ya kazi tu.

Saa kumi na dakika thelathini na moja mlinzi alirudi na vocha mkononi. Alifunga geti. Akaona kitu chini. Akainama, akakiokota, akakipangusa vumbi kwa mkono wa koti. Kilikuwa pakiti ndogo nyeupe yenye mstari wa buluu. Alitazama barabara upande huu, akatazama upande ule. Akaitia ndani ya koti.

Hakuna aliyegeuka kuangalia friji. Hawakuhitaji. Injini yake ilikuwa inanguruma palepale nyuma yao.

Hakufurahi. Kwa nini? Inspekta alifuta lile neno alilolipigia mstari. Mlinzi hakuwa ametishwa na mtu. Angeomba picha zitazamwe, zingeonyesha mwizi, na dakika sita baadaye zingemwonyesha yeye. Alikuwa amechagua kunyamaza. Siku tisa mwizi wa makasha sita alitembea mitaani kwa sababu ya pakiti moja, na wagonjwa walipewa karatasi.

"Mpumbavu," alisema kwa sauti ya chini. "Mpumbavu mkubwa."

"Inspekta." Mwalimu alikohoa. "Hizi dakika za mwisho... kompyuta inaweza kukata. Ikabaki mpaka pale gari linapotoka. Nani atajua?"

Inspekta alimgeukia polepole.

"Wewe! Ulikata mkia tu, mtu akalala chini siku tisa. Umeona alama sitini na nne hapa sasa hivi, umezikokotoa mwenyewe. Ukikata baiti moja, wakili wa yule mkuu atasimama saa tisa aseme faili limechezewa, na atakuwa amesema kweli, na mwizi wako atakwenda nyumbani kula. Linakwenda zima. Halitoki humu kwa flashi wala kwa kitu kingine. Nachukua boksi lote la kompyuta. Chomoa nyaya."

Msusi alikuwa amekaa chini, mikono yenye mafuta mapajani. "Atafungwa?"

"Kwa makasha, leo saa tisa nitakuwa nimemtoa. Kwa ile pakiti atajibu mwenyewe, na nitamshauri aanze kwa kusema kweli. Mficha maradhi kifo humuumbua, dada. Angesema siku ya kwanza, angekuwa analala kwake."

Kiti kililia. Mama alikuwa amesimama. Alikwenda hadi kwenye friji akijishika ukutani, akafungua, akatoa pakiti, akaja kuiweka mezani juu ya tarakimu za chaki.

"Aliniambia kapewa na daktari," alisema. "Nikamwombea huyo daktari kila siku. Vichupa vilikuwa vitano. Vimebaki viwili."

Inspekta alivaa glavu. Aliipiga picha pakiti, akaandika namba yake ya ghala, akaandika idadi. Bahasha ya vielelezo ilikuwa wazi mkononi mwake.

"Mwanangu," alisema Mama, na hapakuwa na lawama katika sauti yake, alikuwa anauliza tu. "Kesho asubuhi nijidunge, au nisijidunge?"

Mwalimu aliacha nyaya. Inspekta alisimama na bahasha yake. Alikuwa na hasira na mkuu wa ghala, na mkuu wa kituo, na mwalimu, na mlinzi, na sasa alikuwa na hasira na bahasha.

Aliifunga ikiwa tupu.

"Rudisha kwenye friji, Mama, isiharibike. Jidunge." Alifungua daftari, akaandika huku akisoma kwa sauti ili wote wasikie. "Nimekuta vichupa viwili. Nimeviacha kwa mgonjwa. Mimi ndiye niliyemwambia atumie." Akaweka saini yake kamili na saa: sita na dakika kumi na nne. Kisha akainama, akalibeba boksi la kompyuta kifuani, akatoka nalo.